Kila Jumapili nilikuwa namwona kwenye simu, kumbe simwoni

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi umekataa. Nina miaka 51, nimeokoka tangu ujana wangu, na kwa miaka mingi kanisani nimekuwa nikilea mabinti. Tunasoma Neno, tunaomba, wakiugua nawaendea, wakifiwa nakaa nao. Kazi hii naipenda na sijawahi kuiona mzigo.

Mmoja wao, ambaye nitamwita Neema ingawa si jina lake, alikuja kwangu akiwa na miaka 19. Siku aliyobatizwa mimi ndiye niliyemshikia nguo. Miaka mitatu iliyopita alipata nafasi ya masomo katika nchi ya mbali, na kabla hajaondoka tuliahidiana kwamba safari haitakatisha malezi. Tangu hapo kila Jumapili tunapigiana simu ya video, jioni kwangu na mchana kwake, maana saa zetu zinapishana. Tuna utaratibu wetu. Namwuliza amesoma nini juma hilo, ameombaje, amemshuhudia nani, na kama kuna dhambi inayomsumbua. Kisha tunasoma sura moja pamoja. Tumemaliza vitabu vingi, Injili ya Yohana, Waefeso na Yakobo vikiwamo, na sasa tuko katikati ya Warumi. Katika miaka yote hiyo Jumapili tulizozikosa hazizidi sita. Ni saa ninayoipenda kuliko saa zote za juma.

Wiki mbili zilizopita, kijana anayesoma katika mji uleule alikuja likizo, akapita kanisani kusalimia. Nikamwuliza habari za Neema. Akashangaa: "Mama, hukuambiwa? Alilazwa." Siku nne, miezi miwili nyuma. Akaongeza, bila nia ya kumchongea, kwamba huko hajaonekana kwenye ibada yoyote karibu mwaka mzima, kwamba amesimamisha masomo tangu muhula uliopita, na kwamba kuna siku hatoki kabisa chumbani.

Mama, katika zile siku nne alizolazwa Jumapili ilikuwemo. Nilirudi kutafuta ujumbe wake nikaukuta: "Mama, leo mtandao unasumbua, tutasoma wiki ijayo. Ubarikiwe." Nami nilijibu kwa alama ya moyo.

Kuna jambo dogo linaloniumiza kuliko hayo yote. Ukutani nyuma ya kitanda chake kuna kalenda, naiona kila Jumapili juu ya bega lake. Ina picha ya mlima wenye theluji, na chini yake mwezi wa tatu. Mwezi wa nne ukaja, wa tano, wa sita, mpaka huu wa tisa, na ule mlima umebaki palepale. Niliuona, mama. Nikadhani ameipenda tu ile picha, nikaendelea kumwuliza maana ya kuhesabiwa haki kwa imani.

Tangu nipate habari hizi tumeongea Jumapili moja. Nilimwuliza, "U salama?" Akasema, "Salama kabisa mama, Mungu ni mwema," akatabasamu. Nikashindwa kusema ninachokijua. Tukasoma Warumi 6.

Naomba unisaidie. Alikuwa ananidanganya muda wote huo, au mimi ndiye niliyeshindwa kulea? Malezi ya kiroho ya mbali yanawezekana kweli, au tunajifariji tu kwa sababu simu zipo? Na je, ni vibaya nikimwomba yule kijana amfuatilie kimyakimya awe ananiletea habari? Mume wangu anasema nimkabidhi kwa Mungu niache, kwamba mtu mzima akikuficha jambo amekufungia mlango. Siwezi.

Mama wa binti aliye mbali

*

Amina, na marahaba mwanangu.

Nianze na lile la haraka, mengine yasubiri. Mtu aliyelazwa, akaacha masomo, akajifungia chumbani, huenda anaumwa ugonjwa ambao hautaponywa kwa kumaliza Warumi. Usingoje Jumapili. Mpigie leo. Na akikuambia, hata kwa kuzungukazunguka, kwamba amechoka na maisha, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, usikate simu mpaka ujue nani aliye karibu anaweza kufika mlangoni kwake saa hiyo: rafiki, jirani, watu wa chuo wanaohudumia wanafunzi, au huduma ya dharura ya huko. Na asikubali mtu yeyote amwambie kwamba kwenda kwa daktari ni upungufu wa imani. Paulo alisafiri na Luka tabibu, na katika barua ileile aliyomwandikia Timotheo habari za mafundisho ya uongo na sifa za wazee wa kanisa, alisimama kidogo kumshauri kuhusu tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara.

Hapo hapo pana neno lako, mwanangu. Paulo alikuwa mbali, lakini habari za tumbo la Timotheo alizijua.

Unauliza kama Neema alikuwa akikudanganya. Hebu yatazame yale maswali yako manne. Ni maswali mazuri, nami nimeyatumia miaka mingi. Lakini swali likiulizwa kwa mpangilio uleule kila juma kwa miaka mitatu hugeuka mtihani, na binti mwenye akili hujifunza kufaulu mtihani. Tena katika hayo manne hakuna hata moja ambalo jibu lake ni "nililazwa." Nadhani alijua kuwa ile ni saa unayoipenda kuliko zote, akaona afadhali ailinde. Mabinti hufanya hivyo kwa mama zao waliowazaa: anaugua, anasema ni mafua tu, ili mama alale. Kuficha kwake kuna kosa, sikatai, na siku moja mtalizungumza. Lakini usilianze mazungumzo kama mtu aliyesalitiwa. Ukianza hivyo atatumia nguvu chache alizobaki nazo kukutuliza wewe.

Nami yalinipata. Zamani, kabla ya simu hizi, nililea binti kwa barua. Barua zake zilikuwa safi, mistari imenyooka, Maandiko yamepangwa vizuri, na mwishoni kila mara "nazidi kusonga mbele." Nilizisoma kwa furaha na kuzihifadhi ndani ya Biblia yangu. Halafu ikaja moja ya nusu ukurasa, mwandiko umelala, haina andiko hata moja, imeandikwa tu kwamba amechoka na hajui kama anaamini tena. Nililia sana. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ndiyo barua ya kwanza aliyoniandikia mimi, na kwamba zote za nyuma alikuwa akimwandikia mlezi wake.

Sasa, malezi ya mbali. Agano Jipya lina vitabu 27, na 21 kati ya hivyo ni barua. Karibu zote zimeandikwa na mtu aliye mbali na watu anaowapenda, baadhi akiwa kifungoni. Kama kulea kwa mbali kungekuwa kujidanganya, tusingekuwa na Wafilipi wala Wakolosai. Kwa hiyo hukukosea kuanza. Lakini ziangalie zile barua zilivyokwenda. Hazikwenda peke yake. Ile ya Waefeso na ile ya Wakolosai zilipelekwa na Tikiko, na Paulo anasema wazi kwamba Tikiko atawaeleza habari zake zote na kuwafariji mioyo. Maandishi yalibebwa na mtu mwenye miguu na macho, anayeweza kuketi, kutazama nyuso na kujibu maswali. Na zilipofika zilisomwa mbele ya watu wote: Wakolosai wanaambiwa wakimaliza ya kwao wabadilishane na ile ya Laodikia, na Wathesalonike wanaapizwa kwamba ndugu wote wasomewe. Hata Timotheo hakuandikiwa akiwa peke yake chumbani. Alikuwa Efeso, katikati ya kanisa. Tito aliachwa Krete ili aweke wazee katika kila mji, maana yake watu wa huko wawe na wachungaji wa huko. Sijaona mahali ambapo Paulo aliruhusu barua yake ishike nafasi ya kusanyiko.

Tena soma 1 Wathesalonike 3 taratibu. Paulo alikuwa na wasiwasi juu ya vijana wake katika imani, asijue kama wamesimama au wameanguka. Anasema alishindwa kuvumilia zaidi, akaona vema abaki Athene peke yake, akamtuma Timotheo. Alikuwa anamhitaji, lakini alimtoa aende kuona kwa macho. Barua ile ilikuja baadaye, Timotheo aliporudi na habari njema. Naye Yohana mzee, katika ile barua yake fupi ya pili, anasema ana mengi ya kuandika lakini hataki karatasi na wino, anatarajia kuja waongee mdomo kwa mdomo ili furaha itimie. Walitumia njia ya mbali kwa moyo wote, na walijua upungufu wake.

Kuna mchungaji wa Uskoti ninayempenda sana kwa ajili ya jambo hili, Samuel Rutherford. Mwaka 1636 alikatazwa kuhubiri, akaondolewa kwenye usharika wake mdogo wa Anwoth na kupelekwa Aberdeen, mbali na watu wake. Kwa muda wa chini ya miaka miwili aliandika zaidi ya barua 200: kwa wajane, kwa vijana, kwa wakubwa wenye mashamba, kwa wachungaji wenzake. Zinasomwa mpaka leo na watu wanafarijika. Lakini ndani ya barua zenyewe unamsikia mtu anayewalilia watu wake, na mwaka 1638 mambo yalipogeuka alirudi Anwoth. Hakusema, "Mbona barua zinatosha?"

Kwako wewe, naona simu ilitosha mno. Nisamehe nikilisema hili, nalisema kwa sababu nakuona u mlezi wa kweli. Kwa Neema saa ile ilikuwa kanisa lake. Alipata humo Neno, maombi, mtu wa kumwita mwanangu, tena kwa lugha anayoomba nayo tangu utoto. Kwa nini aende kwenye kusanyiko la wageni, nyimbo hazijui, akisalimiwa hajui ajibuje? Jumapili ya kwanza alichoka, ya pili ikanyesha mvua, ya tatu akasema moyoni, "Mchana nitasoma na mama." Nami sidhani uliwahi kumwuliza jina la mchungaji wake wa huko, maana hukulitaja popote katika barua yako. Huenda sehemu ya moyo wako haikutaka awe na mama mwingine. Liombee hilo ukiwa peke yako. Halikufanyi kuwa mbaya, lakini ukiliacha litamwumiza yeye.

Mkiongea leo, usije na maswali manne. Usifungue Biblia kwanza. Mwambie ulichosikia na jinsi ulivyokisikia, usimwache abahatishe: "Mwanangu, nimesikia ulilazwa. Aliyeniambia alidhani najua. Sikukasirika, nimehuzunika kwamba ulikuwa peke yako." Kisha ungama la kwako. Mwambie habari ya ile kalenda, kwamba uliuona ule mlima mwezi baada ya mwezi na hukuuliza, na unamwomba msamaha. Halafu nyamaza. Kwenye simu kimya kinatisha, tunakijaza haraka kwa maneno au kwa sala. Usikijaze. Akizima kamera mwache azime, watu wengine hulia vizuri wasipotazamwa. Akisema hana imani tena, usimjibu kwa aya. Mwambie umemsikia na hukati simu.

Kuhusu yule kijana: usimtume kupeleleza. Neema akija kugundua, atakuwa amepoteza watu wawili kwa siku moja. Lakini kumtuma mtu kwa uwazi ni jambo jingine kabisa, ni kumtuma Timotheo. Mwulize Neema, "Ningependa mtu aje akuone kwa niaba yangu. Ungependa nani?" Huenda asimtake huyo kijana, amtake msichana fulani wa darasani kwao asiyeokoka wala kusali. Basi awe huyo. Kwa juma hili nataka jina moja tu, la mtu anayeweza kumfikia kwa miguu na ambaye angejua kama Neema hajatoka kwa siku mbili. Bila jina hilo Jumapili zenu zote zinaning'inia hewani.

Akipata nafuu kidogo, msaidie kutafuta kusanyiko, nawe ubebe sehemu ya kazi hiyo. Kumwambia mtu mgonjwa "tafuta kanisa" ni kumpa mlima mwingine. Pitieni pamoja makanisa yaliyo karibu naye, angalieni yanaamini nini, chagueni moja. Mwombe ruhusa uwasiliane na mchungaji wa pale au mama mmoja wa pale, kisha mwombe mchungaji wenu aandike barua ya utambulisho. Tumeiacha iwe karatasi ya ofisini tu, ya kuhama usharika, lakini ina mizizi mirefu: Paulo alimtambulisha Fibi kwa kanisa la Rumi, akawaomba wampokee kama iwapasavyo watakatifu na wamsaidie kwa lolote atakalohitaji. Andika na wewe mistari yako: huyu ni binti yetu, tumemlea, ametoka kwenye ugonjwa, mpokeeni taratibu, msimpe huduma ya kufanya kwa sasa. Hilo la mwisho lisisitize. Makanisa mengi yakipata msichana anayejua Neno humkabidhi watoto wa Sunday school juma la pili, na binti kama huyu ataanza tena kutabasamu kwa ajili ya watu.

Siku ya kwanza atakayokwenda, mpigie akiwa njiani, muongee mpaka mlangoni. Baada ya ibada mpigie tena, usimwulize mhubiri alihubiri nini. Mwulize aliketi karibu na nani.

Msiache kuongea, lakini badilisheni. Ile saa ya Jumapili ihamie siku nyingine, ili Jumapili iwe ya kusanyiko lake. Iwe mara mbili kwa mwezi, na katikati ujumbe mfupi wa sauti: zaburi moja, sala ya dakika moja, habari ya nyumbani kwako, hata ya siku uliyokasirika. Ndiyo, za kwako pia. Katika barua ya pili kwa Timotheo, mzee Paulo, aliyejua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, anasema watu wamemwacha, anaomba aletewe joho lake alilomwachia Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi, na anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mlezi anayeomba joho anampa mwanawe ruhusa ya kusema naye anasikia baridi. Neema amekuona miaka mitatu ukiwa mzima, umefunga kilemba vizuri, umejiandaa. Angejuaje kwamba kwako mtu anaruhusiwa kuwa mgonjwa?

Tahadhari moja kabla sijasahau: mambo mazito, kama ugonjwa, dhambi, mambo ya familia, yaongeleeni kwa simu ya moja kwa moja, yasiwe ujumbe wa maandishi au wa sauti unaobaki kwenye simu. Simu huazimwa, hupotea, na watoto huzishika. Na ukimpelekea mchungaji wako haja ya maombi, usitaje zaidi ya alichokuruhusu Neema.

Mume wako ana ukweli ndani ya maneno yake, msimgombanie. Paulo naye aliwakabidhi wazee wa Efeso kwa Mungu na kwa neno la neema yake, pale Mileto, wakijua hawatamwona uso tena. Lakini alikuwa amekaa nao miaka mitatu akiwaonya usiku na mchana kwa machozi, na pale pale aliwaacha wakiwa na wenzao wa kulichunga kundi. Aliwakabidhi kwa Mungu wakiwa pamoja. Neema bado hana wenzake. Wakipatikana, ndipo utakapojifunza kumwachia, na hapo mumeo atakusaidia kuliko mimi.

Najua una hofu kwamba ukiligusa jambo hili atakata simu na hatapokea tena. Inawezekana, kwa siku chache. Akikata, mtumie sauti fupi, mwambie upo, na kwamba hana deni lolote la Warumi 7. Kesho yake mtumie tena. Wakati huohuo usiache kutafuta yule mtu wa karibu. Akinyamaza kabisa, hapo huhitaji tena ruhusa yake, piga simu chuoni kwao uwaombe wakamwangalie.

Jina lake halisi uliloniandikia chini ya barua sitalichapisha, lakini asubuhi ya leo nimelitaja mbele za Mungu, nalo nimeliandika pembeni mwa 1 Wathesalonike 3 katika Biblia yangu. Mkishaongea, niandikie. Nitapenda kujua kama ameigeuza ile kalenda, na kama hajaigeuza, nani atakwenda kukaa naye.